Mwaka Uliorukwa Katika Wasifu wa Mwalimu Melkizedeki

Mwalimu Melkizedeki hakufukuzwa Kinyangiri. Neno hilo litangulie mengine yote, kwa sababu uongo wake ndio unaozungushwa kisimani, kwenye mashine ya kusaga, na hata mlangoni mwa kanisa watu wakitoka ibadani. Hakufukuzwa, hakusimamishwa kazi, wala hakuwahi kuwagawa watoto wa watu kuwa wenye akili na wasio na akili. Barua ya kuomba uhamisho aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Nakala ipo.

Kama kuna wa kulaumiwa kwa uvumi huu, ni mjane wake, Felista. Yeye ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya mazishi, na akauruka mwaka 2017. Aliandika kwamba marehemu alifundisha Kinyangiri, kisha akafundisha Ulemo, basi. Alifanya hivyo kumsitiri mtu mmoja aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, kofia magotini. Mtu huyo hakushukuru. Matanga hayajaanuliwa, tayari alikuwa akiwaambia waombolezaji, sahani ya wali wa msiba mkononi, "Mwaka huo uliorukwa ndio tuliomtoa." Ni Lazaro, mnunuzi wa alizeti, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule wakati huo. Felista amemsitiri mara moja. Ya pili haipo.

Mwaka wenyewe ulikuwa hivi.

Melkizedeki alifundisha hisabati darasa la nne. Mwezi wa sita alirudi kutoka semina ya siku tano Singida mjini, karatasi za manila zimeviringishwa kwapani, na uso wa mtu aliyeoa jana. Hata maji hajanywa, akaanza kumweleza mkewe.

"Mama Agnes, miaka kumi na minne nimefundisha watoto kumi na kuchapa hamsini waliobaki."

"Na semina imekwambia nini usichokijua?" Felista alikuwa na stashahada yake na alifundisha historia sekondari. Semina hazikumtisha.

"Imeniambia niwaangalie. Yupo anayeshika somo akiliona, yupo wa kulisikia, yupo asiyeelewa kitu mpaka akishike. Na yupo ambaye ukimkalisha tu, umemzima."

Akawaangalia kwa majuma mawili. Amne, mtoto wa fundi cherehani, alikariri jedwali la kuzidisha siku moja baada ya kuliwekea wimbo. Lakini aliyemshangaza ni Pendo, binti wa Lazaro, ambaye walimu wote walikwishamkatia tamaa. Pendo hakai kwenye dawati dakika tatu. Daftari lake lilikuwa jeupe kuanzia Januari. Melkizedeki alimmwagia vizibo vya soda sakafuni, akamwambia agawe arobaini na saba kwa watu watano. Mtoto alipiga magoti, mikono ikaenda mbio, akainua kichwa: "Tisa tisa, mwalimu, na viwili vinabaki." Ubaoni wenzake walikuwa bado wanapiga mstari.

Hapo ndipo alipokosea, na mjane wake hafichi. Aliandika majina ya watoto wote kwenye karatasi nne za manila na kuzibandika ukutani: MACHO, MASIKIO, MIKONO, MIGUU. Felista alipita shuleni akaziona.

"Mbinu yako nzuri," alimwambia. "Majina toa."

"Ni ya kunisaidia mimi na maandalio yangu."

"Wewe unasoma mbinu pale. Mzazi atasoma mtoto wake amewekwa wapi."

"Aa, Mama Agnes. Wewe na historia yako."

Haikupita wiki. Lazaro aliingia darasani bila hodi, akasoma ukuta, akakuta jina la binti yake chini ya MIKONO. Huko kwetu mtu akisema mikono, anayesikia anaona mpini. Lazaro alimshika Pendo bega mbele ya watoto sitini.

"Mwanangu umempangia jembe? Miaka kumi na moja tu, umeshampangia jembe?"

"Mzee Lazaro, keti nikueleze."

"Nieleze nini? Nimesoma mwenyewe. Huyu hatakaa humu maadamu wewe umo."

Wakaondoka. Ilikuwa Agosti, na upimaji wa darasa la nne ulikuwa Novemba. Mtoto asiyeufanya anakariri darasa, na Pendo alikwishakariri mara moja. Akikariri tena asingerudi shule, kila mtu alijua hivyo. Lazaro akaanza kupitisha karatasi ya saini ili mwalimu aondolewe, lakini Melkizedeki hakuzungumzia saini. Alizungumzia Pendo tu, akila na akifunga kamba za viatu. "Ameanza kushika," alirudia. "Ndiyo kwanza ameanza kushika."

Mkutano wa wazazi ukaitishwa, Alhamisi, katika darasa lilelile. Wazazi arobaini walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Felista alikaa pembeni, dirishani. Lazaro akafungua.

"Shule nyingine zinagawa madawati. Yetu inagawa watoto." Watu wakacheka. "Mwalimu, hebu tufahamishe. Huyu wa MIGUU atakuwa nani? Kondakta?"

"Wangu yuko MASIKIO," akadakia Dorika, mama mmoja mwenye mdomo mwepesi. "Nyumbani hasikii hata nikimwita kula!"

Kicheko kingine. Melkizedeki akacheka pamoja nao, na Felista aliona kwamba mumewe amefarijika, amedhani vita imekwisha. Melkizedeki akaona badala ya kueleza, awaonyeshe. Aliandika ubaoni: robo tatu ya kumi na mbili. Kisha, kwa heshima, na ilikuwa heshima tupu, akageuka kwa mkubwa wa kikao.

"Tuanze na Mwenyekiti wetu."

Mtu mzima akipewa nafasi ya kwanza mbele ya watu hana pa kukataa. Lazaro alipokea chaki. Alisimama mgongo kwa wazazi, mwili umeziba ubao, akaandika alichoandika, wakakiona wa pembeni tu. Mlangoni mtu akaguna, mwingine akajiziba mdomo.

Melkizedeki ndipo akaona alichofanya, akafuta ubao haraka, akakimbilia kukirekebisha. Alifungua kabati akatoa vikombe vyake vya somo, kumi na viwili, vimejaa mbegu za alizeti, akavipanga mezani. "Mwenyekiti, ubao uache. Hivi hapa. Nipe robo tatu."

Lazaro hakufikiri hata kidogo. Ni kazi aliyoifanya maisha yake yote. Alivitenga vitatu vitatu, mafungu manne, akasukuma matatu upande. "Tisa." Wazazi wakapiga makofi, makofi ya kweli. Laiti angeachia hapo. Lakini Melkizedeki alikuwa na furaha ya mtoto, akanyanyua mikono.

"Mnaona wazazi? Mwenyekiti wetu naye ni MIKONO!"

Darasa lililipuka. "Mwenyekiti, hamia kwa mwanao!" alipiga kelele Dorika, akifuta machozi kwa kanga. Lazaro aliiweka chaki mezani, taratibu, akatoka nje, na hakuna aliyemfuata. Kuanzia siku hiyo kila alipoweka mizani yake, kulikuwa na mtu wa kumwita Mzee Mikono kwa nyuma. Hiyo ndiyo hasira yake. Ugomvi wa jembe la Pendo ulikwisha siku ile. Kilichobaki ni kile kicheko.

Kesho yake asubuhi Melkizedeki alibandua karatasi zote nne. Wala hakurudi kwenye chaki na fimbo. Alifundisha kila somo kwa njia zote, kwa watoto wote: likaandikwa, likaimbwa, likashikwa, likatembewa uwanjani. Alisema amegundua kwamba hata Amne wa nyimbo anahitaji vizibo siku za hesabu za sehemu, robo na nusu, na hakuna mtoto wa kundi moja. Karatasi ya Lazaro ilifika wilayani na saini ishirini na tatu. Maofisa walikuja, wakakaa darasani, wakapitia maandalio ya somo, wakaondoka bila kumkuta na kosa. Hayo Lazaro huwa hayasimulii.

Mwalimu alikwenda kumwomba radhi, ingawa mkewe alimkataza. Lazaro alimsimamisha juani, nje ya ua, hakumpa kigoda.

"Niwie radhi, Mzee wangu. Lakini mtoto arudi darasani."

"Wewe ukitoka, yeye ataingia. Chagua."

Akachagua. Alirudi nyumbani akaandika barua ya uhamisho mezani, mkewe amesimama mbele yake.

"Unamwachia jina letu alichezee," Felista alisema.

"Upimaji ni Novemba, Mama Agnes."

"Nimekwambia habari ya jina."

"Nimesikia. Nami nimekwambia Novemba."

Felista hakumsemesha siku tatu, na hana aibu kuliandika hilo. Mwanzoni mwa Oktoba walihamia Ulemo. Mwalimu aliyepokea darasa aliachiwa daftari lenye ukurasa wa kila mtoto, wa Pendo ulisema tu, "Mpe vitu ashike kwanza, kalamu baadaye, na mruhusu asimame." Jumatatu iliyofuata Pendo alirudi. Alifanya upimaji, akapanda darasa la tano. Melkizedeki alifundisha Ulemo miaka saba mpaka maradhi yalipomlaza, na hakuandika tena jina la mtoto ukutani.

Wiki iliyopita Lazaro alifika nyumbani kwa Felista, Kinyangiri, alikorudi mjane kukaa karibu na kaburi la mumewe. Felista alikuwa akipepeta uwele. Alimwamkia, kwa kuwa amelelewa.

"Shikamoo."

"Marahaba." Lazaro alitafuta kigoda kwa macho, hakukiona. "Nasikia unaandika, Mama Agnes."

"Umesikia sawasawa."

"Utaandika na yale niliyoandika ubaoni?"

Felista alipepeta.

"Nina watoto wanasoma," Lazaro alisema. "Pendo mwenyewe kamaliza kidato cha nne."

"Najua kamaliza. Waliokusikia msibani hawajui kwa nini alipata nafasi ya kumaliza. Kawaambie."

"Niwaambie kwamba nilishindwa hesabu?"

"Kwamba Mwalimu aliondoka mwenyewe, na kwa ajili ya nani."

"Na nisipowaambia?"

"Sasa imeandikwa. Hata usiposema."

Lazaro akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Wapo wanaouliza hadi leo alichoandika ubaoni. Dorika ameuliza, mchungaji ameuliza kwa kuzunguka, na Agnes, mwanawe mwenyewe, ameuliza. Felista alikiona, alikuwa amekaa dirishani. Hatakisema kwao, wala kwa anayesoma hapa. Asiulizwe tena.