Niliomba Polisi Wamtafute Mwenye Akaunti, Namba Ikawa ya Dadangu

Admin, tafadhali ficha jina langu, watu wa huku wananijua.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Mashimoni hapa Kibera. Nauza chapati na madondo, yaani maharagwe. Mwaka huu mtu alifungua akaunti ya uongo, akaweka picha yangu nikipika, akaandika eti kuna mtoto alikufa baada ya kula chakula changu. Hakuna mtoto aliyekufa. Lakini watu walishea mpaka ikafika mitaa jirani ya Olympic na Sarang'ombe. Asubuhi moja wamama niliozoea kuwauzia walikuja wakamwaga sufuria zangu zote. Mmoja alinitemea mate usoni wanangu wakiona.

Nilireport ile akaunti kwa kampuni ya huo mtandao, wakanijibu haijavunja sheria zao. Nikaenda polisi. Nilipata afisa mmoja mwanamke, mpole. Akaniambia, "Mama, hawa watu hawatoi jina la mtu hivi hivi. Wanataka amri ya korti, na ombi lieleze ni akaunti gani na kosa gani. Messages zake sahau. Tukibahatika watatupa namba aliyofungulia."

Ombi la kwanza lilirudishwa, eti maelezo hayatoshi. Nilikuwa naenda pale kituoni mpaka wakanizoea. Aliyenifariji wakati huo wote ni dadangu mkubwa, nimwite Halima, anaishi Kawangware. Alikuwa ananiambia, "Achana na polisi, utachoka bure." Nilidhani ananihurumia.

Wiki iliyopita afisa akanipigia, majibu yamekuja. Alianza kunisomea namba, na kabla hajafika mwisho nilikuwa nimeijua. Ilikuwa ya Halima.

"Unaijua?"

"Hapana, afande."

Akasema tayari wameuliza kampuni ya simu hiyo laini imesajiliwa kwa jina la nani. Ni siku chache tu.

Nilienda Kawangware moja kwa moja. Nikampata Halima akimbadilishia mama yetu shuka. Mama alipata stroke, hawezi hata kujigeuza, na ni Halima anayemlisha na kumuosha. Nikamwita nje, nikamtajia ile akaunti. Hakukana. Alianza kulia.

"Mimi ndio nafua mikojo ya mama. Mimi ndio siendi popote. Wewe unakuja Jumapili na mkate, anakuombea dua mpaka jioni. Nilitaka tu na wewe uumie kidogo. Sikujua watakuja kukumwagia chakula."

"Na waliponimwagia, mbona hukuitoa?"

Hapo ndipo paliponiuma kuliko yote. Tukasikia mama anaita, Halima akapangusa uso kwa leso, akaingia ndani kumgeuza.

Sasa nimekwama. Akishikwa, mama atabaki na nani? Nikikaa naye mimi, wanangu watakula nini? Na nikiondoa kesi, wale wamama wataendelea kuamini niliua mtoto wa mtu. Hata sasa mabinti zao wakipita kwangu wanaziba pua. Halima ameifuta akaunti, lakini picha yangu bado inazunguka kwa simu za watu.

Jumatatu afande ananingoja niandikishe statement, na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Wenye dada, wenye mama mgonjwa, mniambie ukweli hata kama ni mchungu: nikiulizwa tena kama naijua ile namba, nijibu nini?