Kaseti Yenye Kodiani

Juzi nilituma albamu kwenye kundi letu la simu. Kundi lenyewe ni la wapenzi wa muziki wa metali, watu wazima wenye vitambi na watoto wa sekondari, na tumekuwa pamoja miaka mingi. Nikaandika kwa heshima zote: jamani, tafuteni nafasi, kaeni chini, sikilizeni hii. Nikawaeleza kwamba ni ile metali ya mbio tunayoiita pawa, gitaa mbili zinafukuzana na mwimbaji anapaa juu kama anaita mtu ng'ambo ya mto, lakini wenyewe wameichanganya na kwaya, filimbi na ngoma za kwao, na kuna wimbo mmoja unaoanza kama harusi ukamalizika kama mvua ya mawe kwenye mabati. Sekunde arobaini baadaye mtu akajibu: "Hii si metali." Sekunde arobaini! Wimbo wa kwanza pekee una dakika sita.

Nikaiweka simu mezani, nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Maana, rafiki yangu, maneno hayo matatu nayajua tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kila nikiyasikia narudi mtaani kwetu Mbotela, kwenye kibanda cha fundi redio, nikiwa nimevaa kandambili na nimekasirika vilevile.

Tulikuwa watatu katika chumba chetu: Mama, mimi, na mjomba aliyelala nyuma ya pazia. Mama alipika maharagwe na chapati akawauzia vibarua kwenye malango ya viwanda. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kuchambua maharagwe ya wiki nzima. Mpaka leo nikisikia kijiwe kikigonga sinia la bati, shingo inaniuma. Nikimaliza tu nilikimbia kwa fundi, vidole vikiwa bado vina vumbi la gunia.

Nilifika kwake mara ya kwanza kwa sababu Mama alinituma na redio yetu iliyokuwa ikikoroma. Nikakuta spika mbili kubwa kama makabati, na ndani yake muziki ambao sikuwahi kuusikia. Mteja mmoja alikuwa ameacha redio kibandani na kaseti ndani, asirudi kuichukua, na fundi akaipenda ile kaseti kuliko mke anavyopendwa. Akatafuta nyingine na nyingine. Kufikia wakati wangu palikuwa na kikundi cha vijana watano au sita waliokaa juu ya kreti za soda kila Jumamosi alasiri, wakitikisa vichwa. Msichana nilikuwa peke yangu. Nilivumiliwa kwa sababu nilinyamaza.

Ikawa siku moja mjomba akarudi kutoka Industrial Area, alikokuwa akifungua marobota ya mitumba kwenye ghala. Katika mfuko wa koti zito la baridi ya Ulaya alikuwa ameokota kaseti. Haikuwa na jalada. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu maneno ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, si mjomba, si mimi, wala mwalimu wetu wa Kiingereza niliyempelekea Jumatatu.

Nikaitia kwenye redio yetu. Upande wa kwanza ulikuwa metali safi, ya kasi, na nikafurahi. Kisha nikageuza. Wimbo wa tatu wa upande wa pili ulianza na kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani. Kodiani tupu, inavuta pumzi na kuitoa, na nyuma yake ngoma iliyodunda kama isukuti za kwetu magharibi. Mama alikuwa akisukuma chapati, na nikaona mabega yake yameanza kucheza yenyewe bila yeye kujua. Halafu, bila kuomba ruhusa, gitaa zikaingia zote kwa pamoja juu ya ile kodiani, na kodiani haikukimbia. Ikabaki palepale, ikapanda nazo mpaka mwisho. Nilisimama katikati ya chumba na nywele za mikono zimesimama pia.

"Huyo anayelia anaitwa nani?" Mama akauliza, akimaanisha mwimbaji.

"Sijui, Mama."

"Basi ana mapafu."

Jumamosi hiyo nilichambua maharagwe kwa haraka mno. Mama alitoa mawe mawili kwenye sahani ya mteja wiki iliyofuata na akanikumbusha kwa muda mrefu. Lakini nilifika kibandani mapema, kaseti mkononi.

"Bendi gani?" fundi akauliza.

"Sijui."

"Wa nchi gani?"

"Sijui, Fundi. Sikiliza tu."

Akaitia. Upande wa kwanza vichwa vyote vilitikisika. Fundi aliinua kidole gumba na mimi nikahisi nimekua. Akageuza. Tukafika kwenye wimbo wa tatu, kodiani ikavuta pumzi yake ya kwanza, na fundi akabonyeza kitufe. Tak.

"Hii si metali," akasema. "Hii ni ya harusi."

"Ngoja dakika mbili tu, gitaa zinakuja!"

"Kodiani, wewe msichana! Umeona wapi metali yenye kodiani? Bado kidogo watuletee filimbi."

"Filimbi iko kwenye wimbo wa nne," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kreti. "Manze, huyu ametuletea bendi ya arusi ya bibi yake!" akasema mwana wa pasta, ambaye nyumbani kwao waliamini yuko maktaba.

Nikarudi nayo Jumamosi ya pili. Tak. Ya tatu, tak. Ya nne, tak, na safari hii kabla hata kodiani haijamaliza kuvuta pumzi. Nilimweleza fundi, nikambembeleza, nikamwimbia kwa mdomo, kitu ambacho hakikusaidia kesi yangu. Nyumbani nililalamika hadi mjomba akatishia kuirudisha kaseti kwenye robota. Mama, aliyeishi na wateja wagumu kila siku, akaniambia, "Mtu akikataa chakula chako kwa kuona mvuke, usimlilie. Wewe kula." Lilikuwa shauri zuri, ila mimi sikutaka kula peke yangu. Hilo ndilo sikuweza kumweleza mtu. Ule wimbo ulikuwa mkubwa kuliko chumba chetu.

Jumamosi ya tano nikafanya ujanja. Nilichukua kalamu ya biro, nikaiingiza kwenye tundu la kaseti, nikauzungusha ukanda taratibu mpaka nikapita kodiani ile ya mwanzo na kufika pale gitaa zinapopamba moto, hata asiyeijua kodiani hawezi kuitambua chini yake. Nikaifunika kaseti kwa kipande cha karatasi, nikaipeleka kibandani nikidai ni nyingine, mjomba kaipata wiki hiyo.

Fundi akaitia. Spika zikanguruma. Ndugu yangu, walisimama! Kreti zilianguka. Mwana wa pasta alifumba macho kama yuko madhabahuni. Muuza mboga wa kibanda cha pili alikuja kuuliza kama kuna ajali. Wimbo ulipoisha fundi alikuwa anatokwa na jasho, ameweka mkono kifuani.

"Hiyo," akasema, "hiyo ndiyo metali. Sasa wewe umejifunza."

Ningenyamaza pale, ningekuwa nimeshinda. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu na Jumamosi nne za kuchekwa zilikuwa zimenijaa kooni. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza, nikaurudisha wimbo ule mwanzo. Kodiani ikavuta pumzi mbele ya watu wote.

Mwana wa pasta akafumbua macho. Kisha mmoja akaanza kucheka, na wote wakamgeukia fundi, wakicheka. Uso wake ukakunjamana. Alitoa kaseti, akaiweka mkononi mwangu polepole.

"Umenifanya mjinga kwenye kibanda changu," akasema. "Nenda. Usirudi hapa."

Nililia kutoka pale mpaka bombani. Na hapo bombani ndipo mwana wa pasta aliponifikia, anahema, anaangalia nyuma asionekane. "Niazime," akasema. "Nataka kusikia yote, toka mwanzo." Mtu wa kwanza! Nikampa papo hapo. Nikamwonyesha kwamba nimevunja vijino vya plastiki juu ya kaseti ili mtu asirekodi kitu juu yake kwa bahati mbaya. Akaapa ataitunza.

Alikaa nayo wiki tatu. Alipoirudisha hakunitazama usoni.

"Niliificha kati ya kaseti za kanisa," akasema, "ili Baba asiione."

"Ehe?"

"Baba akatafuta kaseti ya kurekodia ibada. Akapata moja haina jina. Akaona ina matundu, akaziba na karatasi."

Nikamtazama. Kati ya mahali pote duniani pa kuificha kaseti, mtoto yule alichagua sanduku ambalo baba yake alilifungua kila Jumapili. Mahubiri yenyewe yalikuwa marefu. Yalijaza upande wa kwanza, yakaendelea upande wa pili. Sikumpiga. Mama alisema baadaye kwamba hilo ndilo tendo la Kikristo pekee katika habari yote.

Zilipita wiki kama mbili hivi. Jumapili alasiri, Mama anasukuma chapati, mjomba ananyoa ndevu dirishani, tukasikia hodi. Alikuwa fundi, ameshika kofia.

"Karibu, Fundi," Mama akasema.

"Asante, mama. Nimekuja kwa huyu." Akakohoa. "Ule wimbo wa kodiani. Jana nilikuwa nachomelea waya nikajikuta naupiga mluzi. Juzi pia. Hata usingizi siupati vizuri. Nataka kuusikia, mwanzo mpaka mwisho. Sitagusa kitufe."

Nikamwambia. Hakuamini. Akaitia kaseti kwenye redio yetu mwenyewe, na sauti ya pasta ikatoka, ikieleza urefu na upana wa safina ya Nuhu. Nilidhani ataondoka. Akavuta kigoda akaketi. "Wakati mwingine anayerekodi hafiki mwisho wa ukanda," akasema. Basi tukaketi sote tukasikiliza habari za Nuhu, za mbao, za lami, za wanyama wawili wawili, kuanzia upande wa kwanza mpaka wa pili. Chapati zikaiva, zikaliwa. Mwishowe pasta akasema amina. Ikasikika tak, mkwaruzo kidogo, na ghafla, kutoka nyuma ya yote, mkia wa wimbo wa mwisho wa kaseti: gitaa zinashuka, mwimbaji ameshikilia sauti moja, na kodiani ileile inatoa pumzi yake yote. Ukanda ukaisha.

 Mjomba alikuwa na povu upande mmoja wa uso. Fundi akaniinulia macho, na kwa uchungu wa kweli akaniuliza:

"Sasa mbona hukunilazimisha?"

"Fundi!" Nilipiga kelele iliyosikika safu ya pili ya nyumba. Mama akaniambia nimheshimu mkubwa, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameficha uso kwenye leso anacheka.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kibandani. Tulicheza ule mkia mdogo, tukaurudisha, tukaucheza tena, watu sita juu ya kreti wakisikiliza mwisho wa kitu ambacho wangeweza kukisikia chote. Baada ya miezi michache ukanda ukakatika.

Vibanda vile havipo sasa. Fundi alirudi kwao zamani, na Mama alipumzika mwaka mmoja baada ya mjomba. Jina la bendi sikulijua kamwe. Nimeimba kipande kile kwa wauza kanda, kwa wageni, kwa kila anayejidai anajua metali, na hakuna aliyekitambua. Nimeshazoea. Siku hizi ukimpendekezea mtu wimbo anakujibu, "Sawa, nitausikiliza," na amesahau kabla hajafunga mdomo. Fundi yeye alinikatalia wiki baada ya wiki, akanifukuza, akabeba wimbo wangu mpaka kitandani kwake, akagombana nao usiku kucha, kisha akavaa kofia akaja kupiga hodi. Mtu wa kunikatalia hivyo sijampata tena.