Kaburi Ambalo Dhagahle Hakulifungua

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, Mpima Ardhi wa Wilaya alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia mimi ndiye mchora ramani aliyeombwa.

"Niliomba mwanamume," akasema.

Nikamjibu kwamba Nairobi wamemletea mwanamke wa Kitaita, na kama hanitaki anitafutie basi la kurudi leo hii, maana lile lililonileta lilikuwa limenitikisa hadi meno yakauma na sikuwa na hamu ya kubembeleza mtu. Akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa yule bwana, Mungu amrehemu. Akanionyesha meza ya kuchorea iliyojaa vumbi, akasema, "Futa, uanze."

Nawaandikia ninyi vijana mnaochora kwa kompyuta, mkikosea mnabonyeza kitufe na kosa linapotea. Sisi tulichora kwa mkono, juu ya karatasi angavu, ile ngumu inayopitisha mwanga, ili ramani iweze kunakiliwa. Kalamu zilikuwa na ncha za unene tofauti: nyembamba ya mipaka, nene ya barabara. Kwa joto la Garissa wino ulikauka ndani ya ncha kabla hujafika mwisho wa mstari, kwa hiyo tulifunika chupa kwa kitambaa kilicholowa. Chini ya kiganja tuliweka karatasi ya kunyonya jasho. Mstari ukipotoka, uliukwangua kwa wembe, polepole, ukiwa umeshikilia pumzi. Mimi mistari yangu haikupotoka sana, na sioni haya kujisifu.

Kutoka Garissa nilihamishiwa Wajir, kisha Mandera, kisha nikarudishwa Wajir. Huko ndiko nilikopewa jina la Mama Futi, kwa sababu ya futi kamba niliyotembea nayo begani. Wasomali hawamwachi mtu bila jina la utani, na la kwangu lilikuwa la heshima ukilinganisha na mengine niliyoyasikia. Mabwana wakubwa walikuja na kuondoka. Mmoja alipenda ramani zenye rangi nyingi, mwingine hakupenda ramani kabisa, alipenda mikutano. Serikali za kaunti zilipoanza, ofisi yetu ikaletewa mashine, nami nikahamishiwa Garissa chini ya Afisa wa Utamaduni. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili na bendera.

Asubuhi moja akaniita. "Mama Wakesho, kuna Mwingereza hapa Iftin. Ana ruhusa kutoka kila mahali. Anataka mchoraji."

"Achore nini?"

"Mawe."

"Mawe gani, bwana mkubwa?"

"Mawe tu. Nenda ukaone. Mimi mambo ya mawe sijui."

Ndivyo nilivyokutana na Bwana Lionel. Mtaani Iftin walimwita Dhagahle, yaani mwenye mawe. Alikuwa mrefu, amepinda mgongo, na katika joto lile alivaa soksi za sufu hadi magotini. Alikunywa chai bila sukari, jambo lililowasikitisha majirani hadi wakadhani ana ugonjwa. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni. Akikuomba umpitishie chumvi utadhani anasoma hotuba.

Hakuwa ameajiriwa na mtu. Kwao kuna mabwana wa namna hiyo, waliorithi nyumba na shamba, wakatumia maisha yao kufuatilia mambo ya kale kwa kuyapenda tu. Kwa Dhagahle lilikuwa jambo la ukoo. Babu yake alinakili maandishi ya makaburi ya makanisani, na baba yake akaendelea, mvua ikimnyea mgongoni. Yeye alikuja Wajir akiwa kijana kufundisha shule, akaona taalo, na hapo ndipo alipopatikana.

Taalo ni rundo la mawe lililopangwa mviringo juu ya kaburi la zamani sana. Yametapakaa kaskazini kote. Wenyeji husema ni ya watu waliochimba visima kabla wao hawajafika. Tangu ujana wake Dhagahle alirudi kila kiangazi kuyahesabu na kuyaandika. Mkewe alikuja naye mara moja, akaugua kwa joto, hakurudi tena. Binti yao mmoja, Vivian, alikulia kule Uingereza akimpokea baba uwanja wa ndege na kumsindikiza.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Kwanza tulipata kaskazini kwa dira, tukapiga vigingi, tukavuta uzi juu ya taalo kutoka mashariki hadi magharibi, na mwingine kuukata. Kisha nilipima kila jiwe la ukingoni kutoka kwenye uzi, nikitumia timazi, ule uzito mdogo unaoning'inia ili ujue jiwe limesimama wapi hasa. Halafu nikachora kwa skeli. Hakuna jiwe lililosogezwa. Hata kibiriti ungekiweka juu yake kidogo, ungesikia, "Bibi Wakesho, tafadhali." Askari wa akiba waliotulinda walilala kivulini wakitucheka, mtu mzima na mzungu wake wakipima mawe juani. Nami, Mungu anisamehe, niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kulikuwa na taalo moja kubwa, mbele ya Wajir, ambalo alikuwa akilizungukia tangu ujana. Alitaka kulifungua kabla hajafa. Ruhusa ya kuchimba ilipatikana mwaka ule ambao daktari alimwambia moyo wake umechoka. Mkewe alikuwa amefariki Uingereza yeye akiwa huku, na alichelewa mazishi. Tukiwa njiani kwenda kuchimba aliniambia, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, kwamba binti yake alimpigia simu akamwambia kama ana nafasi ya maiti wa watu wengine tu, basi asimtafute tena.

"Ukalifungue haraka basi," nikamwambia, "urudi ukazungumze naye."

"Ndiyo nia yangu," akasema.

Tulipofika tulimkuta Mzee Hirsi. Malisho ya pale ni ya ukoo wake, na ngamia wake walikuwa wakinywa karibu. Nilimfahamu tangu zamani. Alikuwa mkavu wa maneno, ndevu amezipaka hina. Dhagahle akamweleza tulichokuja kufanya, akamwonyesha na mhuri wa ruhusa. Mzee hakuutazama.

"Wewe nani?" akauliza. Wazee wa huko hutamka p kama b na v kama f, na hawajisumbui na sarufi yetu.

"Naitwa Lionel."

"Hiyo jina yako. Mimi nauliza baba yako, na baba yake, mbaka mwisho."

Kwa Wasomali mtu hujulikana hivyo. Mtoto mdogo hufundishwa kuwataja baba zake mmoja mmoja kwenda juu, na anayekutana na mgeni humwuliza wake. Nilidhani mzungu atakwama kwa babu. Dhagahle akavua kofia, akasimama wima kama mwanafunzi, akaanza: Lionel wa Percival, wa Clement, wa Philip, wa Rupert. Akaendelea hadi kwa yule ambaye jina lake limefutika kwa nyayo za watu kwenye sakafu ya kanisa. Mzee Hirsi alifumba macho akisikiliza, midomo yake ikiyafuata majina.

"Na wewe umezaa?"

"Binti mmoja. Vivian. Lakini hataki kuongea nami."

"Hiyo si kitu," akasema Mzee Hirsi. "Jina iko."

Kisha akasema, "Sasa mimi najua wewe. Mtu mimi najua, siwezi kataa yeye. Chimba."

Nikafungua futi yangu upesi, kabla hajabadili nia. Lakini Mzee Hirsi aliita nyumbani kwake, ukaletwa mkeka, akautandika kando ya taalo na kuketi. Wakaja wanawake wa boma na birika za chai. Wakaja wanaume waliokuwa kisimani. Kila aliyefika alimshika mkono mzee, akasema maneno mafupi, akaketi. Hakuna aliyegomba wala kupaza sauti.

Dhagahle, mwiko wa kuchimbia mkononi, akauliza wanafanya nini.

"Taazia," akasema Mzee Hirsi, yaani matanga. "Huyu mtu si wetu. Ni wa zamani, hakuna watu yake. Leo wewe natoa yeye kwa nyumba yake. Nani itakalia yeye? Mimi itakalia. Wewe fanya kazi yako."

Nilisimama na futi yangu. Nilitaka lifunguliwe, siwadanganyi. Nilikuwa nimechora ukingo wake wote na nilitaka kuona ndani. Dhagahle aliutazama mkeka muda mrefu. Wanawake walikuwa wakimimina chai.

"Bibi Wakesho," akasema, "ng'oa vigingi."

"Mzee! Umengoja maisha yako yote!"

"Ng'oa, tafadhali."

Niling'oa kwa hasira, nikavitupa ndani ya gunia vikagongana. Nilipogeuka nilimwona ameketi mkekani, amekunja miguu yake mirefu kwa shida, anapokea kikombe. Chai ile ilikuwa na sukari ya kuvuta nzi. Akainywa yote.

Njiani kurudi alisema jambo moja tu. "Mke wangu hakuna aliyemkalia hivyo. Hata mimi." Nikageuza uso dirishani, maana machozi ya mzee mzima sikuyazoea.

Alijaribu kumpigia Vivian simu mara nyingi baada ya hapo. Haikupokelewa. Mvua fupi zilipokuwa zikianza, alikufa alasiri akiwa amekaa kitini, nyumbani kwake Iftin. Nilichukua simu yake mwenyewe nikampigia binti, na safari hii alipokea. Akidhani ni baba yake, alianza kwa ukali. Nikamwambia. Akasema atakuja kumchukua. Mwili tukauweka mochari.

Habari hutembea kaskazini bila kusukumwa. Kesho yake Mzee Hirsi alishuka kwenye basi la Wajir, mkeka kwapani, akautandika uani kwa Dhagahle. Majirani wakaja. Mmoja akamwambia huyu hakuwa Mwislamu. "Mimi sisali yeye," akajibu. "Mimi nakaa tu." Wakaketi pamoja naye, nami nikapika chai, yenye sukari.

Vivian alifika kwa tuktuk, sanduku miguuni. Alikuwa na mgongo wa baba yake, unaoanza kupinda. Akauona ua umejaa watu asiowajua.

"Hawa ni nani?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Wanamkalia baba yako."

Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Akanivuta kando. "Wewe ulifanya kazi naye. Nijibu kitu kimoja. Lile kaburi alilotuacha kwa ajili yake miaka yote, lilikuwa na nini ndani?"

"Sijui. Hakulifungua."

Akaketi juu ya sanduku lake. "Hakulifungua," akasema. "Mama yangu alikufa akimngoja, na hakulifungua. Basi muda wote huo alikuwa akimfikiria nani? Mawe?"

Mzee Hirsi alikuwa ametugeukia. "Huyu ni Fifian?" akaniuliza.

Binti aliinua kichwa kwa kusikia jina lake.

"Ndiye," nikasema.

Mzee Hirsi akafumba macho. "Fifian," akaanza, kwa ile sauti ya kutaja ukoo, "Fifian wa Layonel, wa Bersifal, wa Kelement, wa Filib, wa Rubat..." Akaenda hadi mwisho, hadi kwenye sakafu ya kanisa, hakuruka hata mmoja.

"Nani alimwambia jina langu?" Vivian akaniuliza polepole.

"Baba yako. Tulikuwa pale kwenye kaburi. Mzee alimwuliza kama amezaa, naye akakutaja. Baada ya hapo hakuchimba."

Alilia sana. Wanawake wakasogea, wakamwekea nafasi mkekani, na mmoja akampa kikombe. Alipotulia, Mzee Hirsi aliniomba nimfasirie vizuri, nisipunguze.

"Bole, mama. Mtu hakuna watu yake haba, mimi nakalia mbaka watu yake fika. Sasa wewe umefika. Yeye ni yako. Beleka yeye kwa baba zake, wote wewe umesikia."

Na ndivyo alivyofanya. Dhagahle amelala kwao, kando ya Percival na Clement. Vivian hunipigia simu sikukuu zikifika, na kila mara huniuliza hali ya Mzee Hirsi kabla hajaniuliza yangu.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Afisa wa Utamaduni mpya alipokuwa akipokea ramani zangu aliniuliza kwa nini taalo kubwa kuliko yote limechorwa ukingo tu, katikati ni karatasi tupu. Nikamwambia kazi ile imekamilika. Wako watakaosema tulipoteza nafasi, na sibishani nao. Ninachowaambia ninyi mnaoanza kazi ni kwamba nilipima mawe ya kaskazini kwa miaka mingi, nikajua upana wa kila duara, na katika muda huo wote sikuwahi kumwuliza mwenyeji hata mmoja jina la babu yake.

Lakini nirudi kwenye siku ile. Vivian alipoondoka na gari la maiti, watu wakatawanyika, nikabaki nakusanya vikombe. Mzee Hirsi alikuwa ameanza kuukunja mkeka. Akasita, akanitazama.

"Mama Futi. Wewe umekaa na sisi kitambo. Kwenu mbali, watu yako haba hakuna. Baba yako nani?"

Akaukunjua tena mkeka, akaulainisha kwa kiganja. Nikaweka vikombe chini, nikavua viatu, nikaketi.

"Wakesho," nikaanza, "wa Mwakio, wa Mwandoe..."

Naye akafumba macho.