Pikapu ya Mtani

Tangu mkewe azikwe, Isihaka Mwinyikondo wa kijiji cha Janga alikuwa akiamka asubuhi kwa sababu moja tu: kumchukia Laurean. Mihogo ilijiotea yenyewe. Mpunga aliwaachia wenye nguvu za kuinama. Kitu alichokipalilia kwa mikono yake, kila siku, ni ile chuki.

Laurean alikuwa muuza magari pale Visiga, yadi yake ikitazama barabara ya Morogoro, imezungushiwa mabati na vibendera vya plastiki. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa tumbo na kicheko. Isihaka ni Mzaramo. Kwa hiyo, kwa desturi ya makabila hayo mawili, walikuwa watani, na hapo ndipo mkosi ulipoingilia.

Watoto wa leo wakisikia utani wanafikiria maneno ya kurushiana kwenye simu timu ikifungwa. Utani wa wazee ulikuwa na kazi. Mtani aliingia uani kwako akamkamata kuku, wewe ukimtazama, na ulichoruhusiwa kufanya ni kumtukana huku unacheka. Ukifa, alikuja matangani amevaa koti lako, akaiga unavyotembea na unavyokohoa, hadi mjane wako akacheka na machozi yakiwa mashavuni. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyekuchimbia kaburi, na akikuambia, "Usipite njia ile, kuna nyoka," ulirudi bila kuuliza. Kuku wako alikuwa halali yake. Roho yako hapana.

Isihaka alikulia humo. Ndiyo maana alinunua gari vile alivyonunua.

Aliuza kipande cha shamba upande wa Kwala, wakati kila mwenye viatu vya kung'aa alipokuwa akitafuta ardhi huko, akaamua kununua pikapu. Hakutaka kubwa ya kubebea mawe, wala kile kidogo kinacholia kama nyuki. Alitaka ya kati, yenye viti vya nyuma, ili Mwanaamina mkewe apande kama mtu, maana magoti yake yalikuwa yamechoka kukumbatia pikipiki za watu.

Laurean alimtolea nyeupe, inang'aa, ina harufu ya sabuni.

"Haya, mtumwa wangu, panda uendeshe," alisema. "Mzaramo akishika usukani hata ng'ombe wanapanda juu ya miti."

"Nyamaza wewe, mbeba mizigo wa misafara. Babu zako walikuja pwani kwa miguu, leo unauza magari!"

Wakaenda kwenye lami hadi karibu na Mlandizi, wakageuza. Gari lilikuwa tupu na barabara ilikuwa laini kama mkeka. Liliteleza. Waliporudi yadini, Isihaka akazima injini, akakaa kidogo na mikono yake juu ya usukani. Hapo, mtu anapotoka kujaribu gari, ndipo penye maswali. Naye aliuliza.

"Hebu niambie, Mnyamwezi. Gari hili lina ugonjwa gani?"

"Ugonjwa wake ni mmoja. Linapenda wake za Wazaramo."

Wakacheka hadi Laurean akajifuta macho kwa leso. Isihaka alilihesabu lile kuwa jibu. Mtani akicheka hivyo, maana yake hakuna nyoka njiani. Hakuinama kutazama chini ya gari. Kwa akili za malezi yake, kuinama kungekuwa matusi ya kweli, si ya utani. Akachukua funguo, akaenda.

Halafu ikaja harusi ya binti ya Abdulaziz, shemeji yake, mdogo wa Mwanaamina, huko Mzenga upande wa Kisarawe, ambako ndiko kwao. Isihaka alipakia magunia ya mchele wa Ruvu nyuma, Mwanaamina akakaa mbele na kanga mpya, wakaiacha lami Mlandizi wakashika barabara ya vumbi. Hakwenda mbio. Baadaye aliapa hivyo mbele ya msahafu, na hata asingeapa, mtu aliyebeba mchele wa harusi na mke mwenye magoti mabovu hakimbizi gari.

Walipoingia kwenye korongo moja dogo tu, alisikia mlio kama mti unaovunjika. Chesisi, ule mgongo wa chuma unaobeba gari zima, ilikatika. Sehemu ya nyuma ikaenda kwake, ya mbele ikaenda kwake, mchele ukamwagika barabarani, na gari likalala upande wa Mwanaamina.

Walimfikisha Mzenga akiwa maiti. Wapishi wa harusi ndio waliochemsha maji ya kumwoshea.

"Umetuletea maiti harusini," Abdulaziz alimwambia shemeji yake mbele ya watu. "Umri wote huo na bado unataka kukimbia kama kijana wa bodaboda!"

"Gari limekatika, shemeji. Mimi sikukimbia."

"Gari zima linakatikaje? Wewe umelijaribu mwenyewe, umelinunua mwenyewe. Usimtafutie Mungu sababu."

Mwanaamina akazikwa kwao, kandokando ya nyumba ya wazazi wake. Abdulaziz akamwambia Isihaka kwamba akija kwenye arobaini atamtoa kwa mikono yake. Hakuenda. Hakuwahi kuliona kaburi la mkewe baada ya siku ile ya kuzika. Mtu aliyeishi na mwanamke tangu nywele zikiwa nyeusi, ananyimwa kusimama alipolala. Hilo lilimuuma kuliko mbavu zake zilizovunjika.

Alipopata nguvu alikwenda kulitazama lile gari kwenye gereji lilikokokotwa. Rama, fundi wa kuchomelea wa Visiga, alikuwepo, na baada ya kuzungukazunguka akasema kwa sauti ya chini.

"Mzee, mshono huu ni wangu. Lilikuja limekunjika kama samaki mkavu. Laurean alinisimamia hadi nikamaliza, akanunua rangi mwenyewe."

"Njoo uwaambie watu wa Mzenga."

"Ah, mzee wangu! Nalishwa na yadi ile. Nikiulizwa nitasema sijui."

Isihaka akaenda yadini. Laurean alimpa kiti, akampa pole, akamwagizia soda. Isihaka hakuigusa.

"Ulijua limeungwa?"

Laurean alitazama barabarani, magari yakipita. Kisha akasema neno ambalo Isihaka alilala nalo na kuamka nalo kuanzia siku hiyo.

"Mzee, kwani uliniuliza?"

Aliuliza! Aliuliza kwa lugha ya watani, na mtu huyu alijificha ndani ya lugha ile ile, kama mwizi anayejificha msikitini. Basi na yeye angemfuata humo humo.

Mama yake Laurean, Bibi Tereza, aliishi Mzenga. Mwanawe alimnunulia shamba huko akamjengea nyumba ya bati jekundu, si mbali na kwa Abdulaziz. Isihaka aliposikia kwamba bibi ni mgonjwa, hakumwombea mabaya. Hakumwombea mazuri pia. Hakuwa na ugomvi naye. Bibi wa watu alimpa salamu vizuri miaka yote. Isihaka alikaa tu barazani kwake Janga, anasubiri, anapanga maswali yake kichwani kama anayepanga matofali.

Habari ilipokuja, alivaa kanzu yake safi akapanda pikipiki hadi Mzenga.

Alikuta mambo ya siku hizi. Mahema ya kukodi, viti vyenye vitambaa, mshereheshaji mwenye kipaza sauti akitangaza ratiba kama yuko kwenye ufunguzi wa duka. Hakuna aliyeiga kikohozi cha marehemu. Kitu pekee kilichobaki cha zamani ni kaburi lenyewe: lilichimbwa na majirani, na Abdulaziz alikuwa mmoja wao, amesimama ukingoni na sepetu, udongo hadi magotini. Alimwona shemeji yake akageuza uso.

Jeneza likatoka ndani likibebwa mabegani. Isihaka akavua viatu. Akapenya katikati ya watu, akakaa ukingoni, akajishusha taratibu kwa mikono yake dhaifu, akaingia kaburini.

Watu wakapiga kelele. Kisha mama mmoja wa makamo akaangua kicheko. "Jamani, mtani! Mtani kaingia!" Wazee wakaanza kutabasamu. Walikuwa hawajaona jambo lile kwa muda mrefu. Ni desturi: mtani akiingia kaburini, maiti hashuki mpaka mtani aridhishwe atoke.

"Ninyi Wanyamwezi," Isihaka alipaza sauti kutoka chini, "mmetoka Tabora kuja kutujazia ardhi yetu! Hapa hazikwi mtu bure!"

Vicheko. Mshereheshaji alitangaza kwamba ratiba imepata "kachelewesho kadogo". Laurean, macho mekundu, suti nyeusi, akasogea ukingoni, akachomoa noti akazidondosha ndani.

"Chukua, mtumwa wangu, utoke. Leo nina msiba."

Isihaka aliziokota, akazipangusa udongo, akamrushia usoni.

"Sitaki. Mimi nimekuja kununua gari."

Akakaa chini mle kaburini, akakunja miguu, akashika usukani usiokuwepo. Akaingiza gia. Akaunguruma kwa mdomo kama injini. Watu walicheka hadi waliobeba jeneza wakayumba. Akageuza, akarudi, akakanyaga breki, akazima, akatua mikono juu ya ule usukani wa hewa.

"Haya, mtani. Tumetoka kulijaribu. Limeteleza vizuri. Sasa nauliza. Siku ile ulisema sikuuliza, leo nauliza mbele ya watu. Gari hili ulipolinunua lilikuwa zima au limekunjika?"

Kicheko kilianza kupungua, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Mzee, toka," Laurean alisema.

"Hilo si jibu. Kwa nini ulinipitisha lami tupu, na unajua mimi naishi Janga, nabeba magunia? Chesisi ilichomelewa, haikuchomelewa? Wakati inachomelewa nani alisimama pembeni? Rangi iliyofunika mshono alinunua nani?"

"Mtoeni huyu mzee!"

Vijana wawili wa Visiga wakasogea. Lakini mzee Bernard, kaka yake marehemu, aliyekuwa amesafiri usiku kucha kutoka Tabora, akanyoosha fimbo yake mbele yao.

"Hamgusi mtani," alisema. "Mnataka dada yangu azikwe kwa vita?" Akamgeukia Laurean. "Mjibu."

"Mjomba, huyu ana jambo lake. Huu si utani."

"Nimesikia kwamba si utani. Mjibu. Mama yako yuko juu ya mabega ya watu, na jua ni hili."

Laurean aliangalia jeneza. Waliobeba walikuwa wakibadilishana mabega, jasho likidondoka. Aliangalia umati, wateja wake wengine wakiwemo, majirani wa mama yake wote. Hapakuwa na pa kucheka tena. Isihaka alimtazama kutoka chini bila kupepesa, na alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri kupita alivyowahi kujisikia tangu siku ya mchele kumwagika.

"Swali la mwisho," alisema, sasa kwa sauti ndogo, na watu wakainama ili wasikie. "Nikimpakia mke wangu, nikaja naye Mzenga, atafika?"



"Lilikuwa limekatika," Laurean alisema. "Niliunga. Nilijua."

"Sema kwa nguvu. Kuna mtu ameshika sepetu hapo, hasikii."

"Nilijua! Nilijua, mzee! Toka nimzike mama yangu!"

Isihaka akasimama. Alijaribu kupanda akashindwa. Kuta zilikuwa ndefu. Mkono wenye udongo ukashuka kumfikia. Ulikuwa wa Abdulaziz. Akamvuta hadi juu, akampangusa kanzu mgongoni, kwa nguvu kama anampiga. Bibi Tereza akashushwa. Mzee Bernard alitupa udongo wa kwanza, na Laurean alipoinama kutupa wake hakuna aliyemshika bega.

Abdulaziz aliweka sepetu chini kabla kazi haijaisha. "Twende," alisema.

Walipita njia ya mihogo hadi nyuma ya nyumba ya wazee. Kaburi la Mwanaamina lilikuwa limefyekwa vizuri, limezungushiwa mawe. Abdulaziz akainua viganja kuanza dua, akasubiri. Mwenzake hakuinua.

"Mke wangu," Isihaka alisema, akichuchumaa karibu na mawe. "Yule mtu nimemvua nguo. Mbele ya jeneza la mama yake, watu wote wanatazama. Ungemwona! Alilia kama mtoto."

"Shemeji," Abdulaziz alisema polepole, "tuombe dua."

"Anza wewe. Mimi bado namsimulia."