Mlimau Uliovimbiwa kwa Nesi Odilia

Nesi Odilia alipohamishiwa Endasak kutoka kwao Muleba, alisafiri na mche wa mlimau aliouotesha mwenyewe. Njia nzima aliupakata mapajani. Kondakta alipotaka kuutia kwenye buti, alimjibu, "Huyu ni abiria, kaka."

Aliupanda kwenye ndoo ya rangi, akauweka barazani kwenye nyumba yake jirani na zahanati. Baadaye ukapata mwenzake, waridi kwenye sufuria kuukuu. Jioni Odilia alikuwa akiketi hapo na kikombe cha chai, anaisemesha mimea hiyo Kihaya, lugha ya kwao, kwa sababu majirani aliwajua kwa salamu tu.

Kiangazi kilipoanza, mlimau ulibadilika. Majani ya chini yaligeuka njano, na ncha zake zikakauka zikawa kahawia, kana kwamba mtu amezipitisha motoni. Odilia akaona ni njaa. Alinunua mbolea kwenye duka la pembejeo, akaweka kijiko kila Jumamosi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Akaongeza kijiko cha pili. Majani yakaanza kupukutika, na waridi nalo likajikunja.

Akaupiga mti picha, akamtumia Godlisten, waliyesoma naye sekondari, ambaye sasa ni bwana shamba huko Masieda. Godlisten alipiga simu papo hapo.

"Odilia, mgonjwa wako akiwa anatapika, unamwongezea ugali?"

"Huyu ana njaa, Godi. Si unaona alivyo njano?"

"Wa njaa anapauka polepole, jani zima. Wako ameungua kwenye ncha na kingo. Hebu angalia juu ya udongo, kuna nini?"

Odilia alipiga magoti. Kweli, pembeni mwa ndoo palikuwa na ukoko mweupe kama chumvi.

"Hiyo ni chumvi ya mbolea, inaunguza mizizi," Godlisten alisema. "Umempa kiasi gani?"

"Kijiko. Sawa, viwili."

"Hivyo havileti ukoko wote huo. Nani mwingine anamlisha?"

"Nani amlishe? Si naishi peke yangu!"

Lakini swali hilo lilimkaa kichwani. Siku yake ya mapumziko alibaki ndani, akawa anachungulia kupitia pazia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Tluway, akipeleka ng'ombe malishoni. Aliinama, akaweka kinyesi kibichi cha ng'ombe ndani ya ndoo, akakishindilia kwa kiganja kwa upole, kisha akajifuta mkono kwenye nyasi. Hajafika mbali, akaja Mama Ezekiel wa nyumba ya pili, ameshika mkononi mbolea ya dukani iliyobaki alipotilia mahindi yake. Akainyunyiza yote, kwenye ndoo na kwenye sufuria ya waridi.

Odilia akafungua mlango. "Shikamoo mama."

Mama Ezekiel alificha mkono nyuma. "Marahaba, nesi. Kumbe leo hujaenda kazini?"

"Sijaenda. Mzee Tluway, shikamoo! Tafadhali rudi kidogo."

Mzee alirudi taratibu, fimbo begani. Odilia alipowaeleza kinachouunguza mti, walitazamana kwa haya.

"Wewe uliufunga mguu wangu mpaka kidonda kikapona," Mzee Tluway alisema. "Nikataka kukushukuru. Nikasema, basi nitamlishia mti wake."

"Na mimi niliuona unakauka," Mama Ezekiel akasema. "Nikasema, huyu mtoto yuko mbali na kwao, mti ukifa atalia."

Odilia akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Watu watatu, ndoo moja! Lazima avimbiwe!" Wenzake nao wakaangua kicheko.

Walianza kazi hapo hapo, Godlisten akiwaelekeza kwa simu. Walikwangua udongo wa juu pamoja na ukoko na kinyesi. Matundu ya chini ya ndoo yalikuwa yameziba, Mzee Tluway akayazibua kwa msumari. Mama Ezekiel akamimina maji polepole, tena na tena, mpaka yaliyotoka chini yakawa safi. Sufuria ya waridi nayo wakaitoboa na kuiosha vivyo hivyo. Kisha wakavisogeza vyote kivulini.

"Sasa tunampa nini?" Mzee aliuliza.

"Hatumpi kitu. Ni maji tu, tena udongo ukikauka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee wangu."

Hilo lilimtesa mzee kuliko wote. Kila asubuhi alisimama mbele ya ndoo, mikono nyuma, akiutazama mlimau kama ndama mgonjwa, kisha akaguna na kwenda zake.

Waridi halikupona. Mama Ezekiel alileta kipande cha waridi lake mwenyewe, wakakipanda kwenye udongo mpya. Majani ya mlimau yaliyoungua hayakurudi kuwa kijani, na Godlisten alikuwa ameshawaambia wasiyasubiri, watazame yanayochipua. Mvua zilipoanza, machipukizi yalitokea kileleni, laini, yanang'aa, hayana doa. Mama Ezekiel aliyaona kwanza, akaita kwa sauti iliyowatoa wagonjwa nje ya zahanati.

Siku hizi, Jumapili mchana, wote watatu hukaa barazani. Mama Ezekiel anamfundisha Odilia Kiiraqw, lugha yake, na nesi akikosea neno, Mzee Tluway hucheka mpaka chai inamwagika.