Omu Kumi na Mbili za Glopu ya Baba

Enzi zetu Ifakara, jioni ya Jumamosi ilikuwa na mlio wake, mlio wa dainamo ikisuguana na tairi. Najua wakubwa watanicheka, maana hata thelathini sijafika na tayari nasema enzi zetu. Wacheke. Bodaboda zimeingia, baiskeli zimebaki kuegemea kuta, na mtoto wa leo ukimwambia taa iliwaka kwa kukanyaga pedali anadhani unamtungia hadithi.

Baba alikuwa akilala shamba, kule Idete, wiki nzima akiwinga ndege kwenye mpunga, akirudi kwetu Lumemo Jumamosi giza likiingia. Sisi tulikuwa uani, mama anakaanga kitoga, samaki wa mtoni ambaye harufu yake hufika kwa jirani kabla hujamwalika. Taa ya baba tuliiona mbali barabarani. Ikiwaka kwa nguvu, hajachoka. Ikififia, mama aliinuka akamtilia maji ya kuoga kwenye ndoo. Tulimsoma baba kwa taa yake.

Glopu ya baiskeli ikiungua, mtaa wetu wote ulifanya kosa moja: tuliweka ya tochi. Iliwaka vizuri mno, njia nzima. Halafu mtu akishaona kwake kunakaribia anakazana na pedali, dainamo inazunguka kwa kasi, na glopu inakufa akiwa karibu na mlango wake. Baba aliingia uani gizani akitukana kwa Kipogoro, sisi tukijikaza tusicheke. Mimi ndiye niliyekwenda kuokota ile glopu na kuigeuzageuza. Nilitaka kujua kwa nini.

Kidato cha pili nikadhani nimepata jibu. Mwalimu wa fizikia alichora pembetatu ubaoni, volti juu, ampea na ukinzani chini, akatuambia tufunike kwa kidole kile tunachokitafuta. Tuliimba ile pembetatu mpaka madarasa ya jirani yakaijua. Nyumbani nikaichomoa glopu halisi ya baiskeli. Shingoni iliandikwa volti sita, ampea nusu; ile ya tochi ilikuwa volti mbili na nusu tu, ndiyo maana iliungua. Sita mara nusu, nguvu yake ni wati tatu. Sita gawanya kwa nusu, ukinzani wake ni omu kumi na mbili. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa siri ya baba yake.

Lakini mimi ni mtu ambaye mstari ukipinda kidogo nachana ukurasa. Nilikuwa hivyo na bado niko hivyo. Hata haya ninayoandika nimeyafuta mara nyingi. Nikataka kuiona hiyo kumi na mbili kwa macho. Nikaenda kwa fundi redio wa mtaa wa Viwanja Sitini, akanigusishia nyaya za mita yake kwenye glopu. Mita ikasema omu moja na kidogo. Fundi akasema betri ya mita imechoka, akaweka nyingine. Moja na kidogo. Akaipigapiga mita gotini, akanirudishia glopu, akasema labda mwalimu wangu ndiye amechoka.

Nikamuuliza mwalimu, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha kuuliza jambo kama hilo sikuwa nacho. Akasema aliyetunga hiyo kanuni alishakufa, nimfuate kaburini. Darasa likaangua kicheko. Kesho yake nikauliza tena, glopu mkononi. Nilichapwa. Nikauliza tena. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, fizikia nikaondolewa, na mama akaitwa shule.

Mwalimu alimwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Mtoto wako ni mbishi, mama. Wabishi hawafai maabara."

Mama alishukuru. Alishukuru! Njiani alitangulia, kanga ameikaza kiunoni. Tulipofika darajani akasimama.

"Ungekubali tu, mwanangu. Kumi na mbili, ungekubali."

Nilikuwa nimeikubali. Hicho ndicho kinachonichoma hadi leo. Kumi na mbili ilikuwa sahihi, na moja ilikuwa sahihi. Nilikuja kujisomea mwenyewe, miaka baadaye, peke yangu, nikilia kwa hasira juu ya kitabu cha kuazima: ule uzi mwembamba ndani ya glopu ukiwaka unapata moto, na ukipata moto ukinzani wake unapanda. Mita ilipima glopu iliyopoa, pembetatu ilihesabu inayowaka. Basi. Kulisema hilo kungechukua muda wa kufuta ubao. Na kama mwalimu hakujua, kusema "sijui, tutafute" kungekuwa kufupi zaidi. Watu wananiambia nisamehe, ni zamani. Sijasamehe.

Juzi Neema, binti wa kaka yangu, alikuja na hesabu ileile. Akaiuliza simu, simu ikasema kumi na mbili, akaandika, akarudi kwenye video zake za kucheza. Nikamnyang'anya simu, nikampa mita yangu na glopu ya babu yake. Alikunja uso kama mtu niliyemtuma maji mtoni. Akapima. Akapima tena.

"Shangazi, mita yako mbovu."

"Nzima hiyo."

Akaitazama glopu, akaitazama hesabu yake. "Sasa nani kakosea?"

Sisi tulikuwa na maswali na hatukuwa na wa kumuuliza. Hawa wana wa kuwajibu kila kitu, na maswali yamewapotea. Nikatoka nje, nikaishusha baiskeli ya baba ukutani, nikaipindua, nikairudisha glopu kwenye taa yake. Nilimwambia azungushe pedali.