Prufu Yangu ya Mwisho: Riwaya ya Barasa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Bungoma, Meneja alinikalisha na mzee mmoja tusome prufu, yaani kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Mmoja husoma kwa sauti akitaja kila alama, mwingine hufuata kwa kalamu nyekundu. Niliposikia mtu mzima akitamka, "Mungu wangu, alama ya mshangao," nilicheka hadi nikashika mbavu.

"Cheka tu, mama," Meneja akasema, "lakini macho yasitoke kwa karatasi."

Nikaicheka kazi hiyo miaka na miaka, Bungoma kisha Kitale, na mshahara nikapokea.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa riwaya ya kwanza ya Barasa, mwalimu wa Myanga. Ilihusu marafiki wawili na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nchi ilikuwa ya kubuni, lakini marafiki hawakuwa wa kubuni. Mmoja alikuwa Barasa mwenyewe. Mwingine alikuwa Eliud, mkulima wa mlimani, waliyekua naye Ndalu hadi vurugu za ujana wao zikawatenga. Mhariri Mkuu akakata shauri: "Eliud asipokubali, hatuchapi." Maskini Barasa, hata chakula kilimshinda.

Eliud akaja kiwandani, Barasa naye akiwepo. Msomaji wangu alikuwa mgonjwa, nikampa Eliud kusoma. Aliipenda kazi ajabu, akiita "koma!" kama refa. Tukafika pale rafiki mmoja anapobisha akikimbia wauaji, na mwenzake anamfungulia. Eliud akamgeukia mwandishi.

"Barasa, ati nilifungua? Si usiku ule ulilala nje kwa mahindi?"

"Nililala. Lakini sikutaka watu wakuone vibaya."

"Sikufungua, bana. Niliogopa watatuchoma sisi wote. Andika hivyo. Ukiandika uongo, mimi sikubali."

Wakalia, nami nikalia nao, prufu ikalowa. Kisha tukacheka, na ukurasa ukaandikwa upya.

Siku hizi niko Kibomet, nimestaafu, nasoma magazeti na kuyagombeza. Lakini furaha iliyonijaza kuliko zote ni ya uzinduzi wa kitabu hicho kule Myanga. Eliud alisimama mbele ya watoto wake mwenyewe akausoma ukurasa ule. Mama yake Barasa akainuka polepole, akaenda hadi mbele, akamshika mkono.

"Eliud, miaka hii yote hukuja kula kwangu. Kuja, ugali inapoa."